Mto Ukijaa, Mama Hatuiti

Tabora, 12 Novemba 2023

Mdogo wangu Candide,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto na vumbi. Sisi tu wazima. Mke wangu Fadhila magoti yanamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote, na anakusalimia sana. Watoto wako kwenye shughuli zao. Ingrid binti yako hajambo? Bado anafanya kazi kwa wale wakubwa wa Kiriri?

Mimi nimeacha kufundisha tangu Juni, kabla ya wakati wangu, kwa sababu ya macho. Sasa nashinda nyumbani kama kuku aliyeatamia. Mwezi uliopita mjukuu wangu Idi aliniuliza, “Babu, ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa wapi?” Nikamwambia Burundi, milimani, upande wa Mugamba. “Kulikuwa na nini?” Candide, mwalimu wa miaka thelathini na mbili hajibu swali kama hilo kwa mdomo. Nikaenda dukani nikanunua daftari kubwa.

Kwa hiyo naandika. Naandika baridi ya kijiji chetu Gahororo, ukungu unaoingia mpaka kitandani, viazi vitamu tulivyovichoma kwenye majivu, sisi watatu chini ya blanketi moja. Naandika kwa Kiswahili maana wajukuu hawa Kirundi hawakijui hata cha kuombea maji. Ni Kiswahili kilekile tulichokiokota Buyenzi, kule Bujumbura, kwa baba mdogo, tukikitumia kumsengenya mke wake mbele ya macho yake.

Nimekutumia kurasa za kwanza. Soma unisahihishe. Yule ng'ombe mwekundu alikuwa anaitwa Gaju, sivyo? Na tulipopelekwa Buyenzi, wewe ulikuwa na miaka tisa au kumi? Kwenye simu sitaki kuyazungumza haya, kwa sababu simu yako iko masikioni mwa kila mtu. Na hizi kurasa usimsomee Mama. Ni zangu na zako.

Mama msalimie.

Kaka yako,
Sylvère


Kanyosha, Bujumbura, 17 Desemba 2023

Kaka yangu Sylvère,

Nimepokea barua yako nikiwa kwenye cherehani, nusura nishone kidole. Ameileta Twalibu, yule jirani yetu wa Buyenzi uliyekuwa unamwibia maparachichi. Siku hizi anaendesha lori la vitunguu kutoka Kigoma. Alifika amechelewa wiki mbili, amelala kwenye foleni ya mafuta, lakini bahasha ilikuwa safi ndani ya kofia yake. Akaniambia, “Mi barua ya mutu siwezi kupoteza, hata lori ikipotea.” Basi nikampa chai, akanywa birika zima.

Sisi hatujambo. Ingrid yuko palepale Kiriri, anapanda kile kilima kwa miguu kwa sababu magari hayana mafuta, na anashuka jioni miguu imevimba. Mimi nashona sare za shule. Mvua ni nyingi. Mama anaishi kwenye chumba cha nyuma, macho yameingia ukungu lakini masikio ni ya paka. Na ndiyo sababu nakuomba msamaha. Alisikia karatasi ikichanika. Akauliza kwa Kirundi chake, “Ni Sylvère?” Nikasema ndiye. Akakunja mikono akangoja. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikamsomea, natafsiri huku nasoma.

Kaka, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza kukusahihisha kama wewe ndiye mwanafunzi. Gaju alikuwa wa jirani. Wetu alikuwa Bihogo, mwenye pembe moja imepinda, na ndiye aliyekupiga teke ukaangukia kwenye kinyesi. “Hilo mbona hakuliandika? Mwambie aandike.” Basi andika.

Mimi pia nina langu. Umeandika vizuri Mama alivyokuwa akipanda kwenye kile kichuguu nyuma ya zizi la ndama, anaweka kiganja shavuni, anatuita kutoka ng'ambo mmoja mmoja: yewe Sylvère, yewe Candide, yewe Léonce. Na sisi tunaitika “Karame!” kama mtoto anavyomwitika mzazi, na mabonde yote yanajua kwamba watoto wa rugo letu, boma letu, wanarudi. Lakini umeandika nusu. Umesahau siku za mto. Mto Nyamabuye ukijaa, Mama alikuwa hatuiti. Tulikuwa tunasikiliza, na tukisikia kimya tunajua: maji ni makubwa, laleni kwa shangazi Irène ng'ambo hiyohiyo, msivuke. Watoto wengine waliitwa ili waje. Sisi tulinyamaziwa ili tupone. Waeleze wajukuu hilo.

Na uwaeleze tulivyokuwa tunavuka. Mkubwa anakaa upande maji yanakotoka, anamshika mdogo mkono, na hamwachii mpaka wakanyage majani. Hiyo ilikuwa sheria yako wewe.

Mama anakusalimia. Anauliza kurasa nyingine zitakuja lini.

Mdogo wako,
Candide


Tabora, 21 Januari 2024

Candide,

Heri ya mwaka mpya, na poleni na mvua. Huku Idi amepanda darasa, Fadhila amepata dawa ya magoti, nami nimeongeza miwani.

Nilikuomba jambo moja tu na hukulifanya. Sigombi. Lakini safari hii nakusihi: ukurasa huu usiufungue mbele yake. Nimeufikia ule mto. Nimeuandika mara sita na hii ndiyo ya mwisho. Nauandika hapa kama ulivyo kwenye daftari:

“Aprili ya mwaka 1976 mvua ilianza saa nane mchana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu Léonce saba. Tulikuwa ng'ambo na mbuzi. Shangazi Irène alishaweka viazi kwenye moto, tukajua tutalala kwake. Tukawa tunasikiliza kile kimya cha Mama. Halafu sauti yake ikaja. Iliita jina moja tu, mara tatu: yewe Léonce! Léonce akaitika karame, akatangulia. Hakufika. Walimpata kesho yake asubuhi kwenye matete. Kutoka kwenye kichuguu chetu mto unaonekana wote. Mama aliuona umejaa, na akaita. Mtoto aliyefundishwa kutii, alitii. Baba alimrudisha Mama kwao wiki ileile, nasi tukapelekwa mjini. Nilipokuwa naondoka Burundi nilimwambia neno moja, na sijamwambia jingine tangu hapo: ungenyamaza tu.”

Nimepata kijana mwenye steshenari hapa mjini, atapiga chapa daftari lote. Nitatoa nakala hamsini mwezi wa sita. Ishirini nitazituma Gahororo kwa ukoo wa Baba. Wao pia wanastahili kuona limeandikwa. Nataka kuhakikisha jambo moja kwako, maana wewe ulikuwa nyumbani siku ile: aliita saa ngapi?

Mama msalimie.

Sylvère


Kanyosha, 25 Februari 2024

Kaka yangu,

Hujambo na wote? Sisi tunajikongoja. Ingrid ana mafua. Mama miguu imevimba, daktari kasema ni moyo, kampa vidonge vinavyomkosesha usingizi. Chumvi amekatazwa, na hilo limemuuma kuliko ugonjwa.

Barua yako niliifungulia chooni kama mwizi. Mama nikamwambia hakuna kurasa safari hii, umeleta salamu tu. Akauliza, “Bado hajafika mtoni?” Nikasema bado. Akasema, “Atafika. Mwambie aende polepole.”

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Jioni.

Kaka, ukurasa huo uondoe. Andika mengine yote, andika Bihogo, andika njegere, andika siku uliyomfunga Twalibu kwa kamba ya mbuzi. Huo uondoe. Mama ana miaka sabini na minane. Watu wa Gahororo walishamhukumu, hawahitaji karatasi. Walimwita mwanamke aliyemwitia mwanawe maji, na akaishi na jina hilo. Akauza parachichi hapa mjini miaka ishirini kichwani kwake, hajamjibu mtu.

Na swali moja, usikasirike. Umeandika “akatangulia.” Kwa nini alitangulia?

Candide


Tabora, 24 Machi 2024

Candide,

Salamu. Wote wazima hapa.

Sitauondoa. Mwenye kovu usidhani amepoa. Nilimbeba Léonce mimi, kutoka kwenye matete mpaka kwenye ua, na alikuwa mzito kuliko alivyokuwa mzima. Miaka arobaini na minane nimesubiri mwanamke yule aseme neno. Hata nisamehe hakusema. Hata njoo hakusema. Baba alipokufa hakuniita. Nilipooa hakuniita. Mwana wangu wa kwanza alipozaliwa nilituma picha, akanyamaza. Mzazi asiyemwita mwanawe miaka yote hiyo, unataka nimwandike vipi?

Ulichouliza kuhusu kutangulia sioni umuhimu wake. Watoto hutangulia.

Kijana wa steshenari ameshapiga chapa kurasa arobaini. Mwezi wa sita uko palepale. Ukiwa na sahihisho kuhusu ng'ombe, lete. Kuhusu mto usiniandikie tena.

Mama msalimie.

Sylvère


Kanyosha, 21 Aprili 2024

Kaka yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wifi Fadhila, na watoto, na Idi. Huku ziwa limepanda. Nyumba za Kibenga zimeingia maji mpaka madirishani, watu wanatoa vitanda kwa mitumbwi. Mama anasikiliza redio, na kila wakitaja maji ananiuliza kama Ingrid amevuka salama. Namwambia Kiriri ni kilimani, hakuna cha kuvuka. Kesho anauliza tena.

Umenikataza kuandika kuhusu mto. Hii ni barua ya mto, isome mpaka mwisho hata kama ni ya mwisho utakayoipokea kutoka kwangu.

Unakumbuka mlivyokuwa mnanitania wewe na Léonce, kwamba nimemeza koo la Mama? Nilikuwa naweza kuita kama yeye. Kiganja shavuni, sauti ile ya kuvuta, mpaka Bihogo alikuwa anageuza kichwa. Niliwadanganya mara ngapi mkaja mbio kutoka shambani mkanikuta mimi nacheka?

Siku ile Mama hakuwa nyumbani. Alikuwa amekwenda peke yake kwenye lile shamba la viazi nyuma ya kilima, mvua ikamfungia huko. Baba alikuwa kwenye pombe ya watu. Nilikuwa peke yangu, Sylvère. Moto ulikuwa unazimika na kuni zote zimelowa. Radi ilipiga ule mti wa juu kwa jirani. Ukungu ukaingia ndani, nikawa siuoni hata mlango. Nilikuwa na miaka tisa na niliogopa. Nilimtaka Léonce tu, tulale naye chini ya blanketi anihesabie vidole.

Nikatoka nikapanda kwenye kichuguu. Mto sikuuona, ukungu ulikuwa umeufunika wote. Nilijua nikiita kwa sauti yangu mtanicheka. Basi nikaita kwa sauti yake. Yewe Léonce, mara tatu. Nikasikia “Karame!” Ndilo neno lake la mwisho duniani, na lilikuwa langu. Nikarudi ndani nafurahi. Nikampulizia moto apate kujikausha akifika.

Mama alifika watu wakiwa tayari mtoni na mienge. Mzee mmoja akamwambia pale uani, “Umemwita mwenyewe, tumekusikia wote.” Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ghala. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme, Mungu ananiona. Mama akageuka akanitazama. Alitazama kidogo tu, nguo zake zinachuruzika maji. Akajua. Hakuna mwingine aliyekuwa na sauti yake. Akawageukia watu akasema, “Ndiyo. Nimeita mimi.”

Baba akampiga mbele yangu, akamtoa nyumbani, nami nikanyamaza. Wewe ulipomwambia “ungenyamaza tu,” nilikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza. Nimelea watoto, nimeshona magauni ya arusi za watu, nimekaa kanisani mstari wa mbele, na nimenyamaza. Mara moja tu nilijaribu. Tulikuwa tunachambua maharage, nikasema, Mama, ile siku. Akasema, “Chambua maharage.” Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Sasa unajua. Chapisha unavyotaka, ila liandike jina langu mahali ulipoandika lake. Mimi siogopi tena Gahororo. Ninachoogopa ni kwamba atakufa hujamwita Mama, na kosa ni langu. Nakuomba kwa jina la Léonce, piga simu. Useme neno lolote. Anakaa karibu na simu kila jioni anasingizia redio.

Mdogo wako aliyekukosea,
Candide


Kanyosha, 9 Juni 2024

Kaka Sylvère,

Ingrid alimpata wifi Fadhila kwenye simu, kwa hiyo habari unayo. Tulipata ujumbe wako wa “poleni.” Nakuandikia kwa sababu mambo yenyewe hayakuenea kwenye ujumbe.

Mama alituacha Alhamisi ya tarehe 30 Mei, saa kumi na mbili jioni, redio ikiwa imewashwa. Tulimzika Jumamosi hapahapa Kanyosha. Watu walikuja wengi, wanawake wa parachichi walikuja wote. Kutoka Gahororo hakuja mtu.

Twalibu aliniapia kwamba barua ya Aprili alikupa mkononi tarehe mbili Mei. Nilihesabu siku. Wiki ya kwanza nikasema anasoma. Ya pili nikasema anafikiri. Ya tatu Mama alianza kulala mchana, nikamwambia. Nilimwambia, Mama, nimemwandikia Sylvère yote, nimemwambia ni mimi. Alinikasirikia. Mara ya kwanza toka nizaliwe kumwona amekasirika kweli. Akasema, “Mzigo ulikuwa umekaribia kufika. Ulikuwa unautua wa nini njiani?” Kisha akanishika mkono, hakuuachia mpaka giza likaingia.

Siku mbili kabla, aliposhindwa kunywa, nilichukua simu. Nikamwambia, Mama, namwita Sylvère aje. Akasema, “Oya. Usimwite.” Nikamwuliza kwa nini, unakufa, ni mwanao. Akasema, “Mto wake bado umejaa. Ukimwita atakuja, halafu?”

Kaka, nilikuwa nimeshika simu nikaelewa. Ile picha ya mwanao uliyoituma alikuwa nayo chini ya mto wake wa kulalia, imechakaa kwa kushikwa. Baba alipokufa hakukuita, kwa kuwa mwaka ule watu walikuwa wanauana barabarani. Ulipooa hakukuita, maana ulikuwa na hasira na safari ni ndefu. Alikuwa anapanda kichuguu chake kila siku, anatazama maji, anaona bado. Alikunyamazia hivyohivyo alivyokuwa akitunyamazia zamani.

Nilitii. Niliweka simu chini. Sijui kama nimekosa mara ya pili.

Siku ya kuganduka, siku ya kuvua msiba, tumeiweka tarehe 9 Novemba. Tutakwenda Gahororo, nitasimama mbele ya ukoo wa Baba niseme aliyeita ni nani. Hilo halihitaji ruhusa yako. Kama unataka kusema lako, lete.

Candide


Tabora, 28 Julai 2024

Candide, mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu zipi. Sisi hatujambo kwa kula na kulala. Fadhila amevaa nguo nyeusi wiki nane kwa ajili ya mkwe ambaye hakumwona hata siku moja, na haniulizi kitu.

Barua yako ya Aprili sikuifungua. Twalibu alinipa, nikaiona nene, nikasema ni yaleyale, ananibembeleza niuondoe ukurasa. Nikaiweka chini ya Biblia. Ilikaa pale siku ishirini na tisa. Nilikuwa naisogeza nikitaka kusoma zaburi. Simu ya Ingrid ilipokuja ndipo nikaichana. Mama alikuwa amekufa jana yake.

Siku ishirini na tisa, Candide. Ningeweza kupanda lori la Twalibu nikaketi juu ya vitunguu. Ningefika na kurudi na kufika tena.

Sasa nisikilize na mimi. Uliniuliza kwa nini Léonce alitangulia. Uliniuliza kwanza kwa upole, ukanikumbusha sheria ya mkono, kisha ukaniuliza wazi, nikakujibu kwa ukali kama mwalimu aliyeshikwa. Sauti ilipoita, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa shangazi. Nilikuwa nausikia mto. Hata kiziwi angeusikia. Léonce akanivuta shati: “Mama ananiita, twende.” Viazi vilikuwa vimeiva, shangazi ananimenyea. Nikamwambia, “We nenda, mi nakuja.” Nilikula viazi viwili. Viwili, navikumbuka, cha kwanza kiliniunguza ulimi. Nilipotoka sikumkuta.

Mkono wake ulipaswa kuwa ndani ya mkono wangu. Nilihitaji mtu wa kumpa kosa hilo, na Mama alikuwa amesimama pale mbele ya watu, amekwisha kulipokea. Nikamwongezea na langu. Sasa najiuliza kama hakujua. Mama aliyeijua sauti yako ataacha kujua kwamba Léonce alifika mtoni peke yake? Alisema “nimeita mimi” akatufunika wote wawili kwa nguo moja iliyolowa, nasi tukamwacha nje.

Wewe ulikuwa mtoto mwenye hofu. Sina cha kukusamehe. Mimi nilikuwa na njaa tu.

Steshenari nimemwambia asimame. Ukurasa wa mto nimeuchana, nimeandika mwingine, na Idi ndiye aliyenisomea kwa sauti maana macho yangu yalikataa. Alipomaliza akauliza, “Babu, sasa yule bibi nani alimwita?”

Nitakuja. Sileti karatasi, nakuja mwenyewe na Twalibu, Novemba. Nina ombi moja, na ukikataa nitaelewa. Nataka jioni ile nishuke ng'ambo, kwenye kile kiwanja cha shangazi Irène, na wewe upande kwenye kichuguu. Uite kwa sauti yake, kama bado unayo. Uite majina yetu yote matatu kwa mpango wake. Nitaitika langu, na la Léonce nitaliitikia mimi. Kisha nitavuka nije nyumbani. Miaka yote nilidhani hakuniita, na kumbe ni mimi sikuitika.

Kaka yako,
Sylvère


Kanyosha, 18 Agosti 2024

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, nikaenda nikaisoma makaburini kwa sauti, kwa Kirundi, bila kuruka hata neno. Ndiyo mara ya kwanza nimemsomea Mama barua yako nzima.

Ingrid anakusalimia. Twalibu anasema utakaa mbele, si juu ya vitunguu, “mutu muzima hasafiri kama mzigo.” Lete sweta, umesahau baridi ya kule. Chumba cha nyuma nimekisafisha, utalala humo, na picha ya mwanao nimeiacha ilipokuwa.

Sauti bado ninayo. Tangu siku ile sijaitumia, nilikuwa naogopa hata kuimba kwa nguvu kanisani. Juzi nilijaribu polepole nikiwa jikoni, na Ingrid akaangusha sahani.

Basi njoo. Shuka ng'ambo usimame kwa shangazi, nami nitapanda. Lakini Novemba ni mwezi wa mvua, Sylvère, nawe huoni vizuri. Nitautazama mto kwanza mpaka niridhike. Ukiwa umejaa sitakuita. Ukisikia kimya, ulale hukohuko.

Candide